Kiti Kilichohamia Sebuleni

Mwalimu alikuwa anamenya viazi kiti kilipoingia. Kilipita mlango wa jikoni kiubavu, maana kilikuwa kipana, kikaenda kusimama sebuleni kando ya televisheni.

"Kimekuja," alimwambia mkewe, jaji wa mahakama kuu.

"Kimetoka kwa nani?"

"Kwa yule profesa wa sheria. Majirani wanasema kimeondoka bila hata kuaga."

Kilikuwa kiti cha marehemu jaji wa mahakama ya juu kabisa. Tangu mazishi yake, kilikuwa kikihamia kwa yeyote ambaye mji ulimtaja zaidi kuwa ndiye atakayeteuliwa na serikali kumrithi. Magazeti yaliacha kubashiri, yakatuma tu wapiga picha kuchungulia madirishani. Kesho yake mama yake Mwalimu alianika taulo juu yake.

"Mama, hicho ni kiti cha taifa," jaji alisema.

"Basi taifa linikaushie taulo. Limenifanyia nini kingine?"

Jaji alikuwa na mazoea ya kumsomea mumewe hukumu kabla ya kuipeleka mahakamani, huku mume akisahihisha madaftari ya wanafunzi. Safari hii ilikuwa kesi ya wapangaji wa jengo kuukuu ambalo serikali ilitaka kiwanja chake. Katika chumba cha chini aliishi na kushonea fundi aliyemshonea Mwalimu suruali zake zote.

"Serikali haina haki ya kuwaondoa," jaji alisoma.

Kiti kikajinyanyua, kikashika njia ya mlangoni, taulo likiburuzika nyuma yake.

Jaji akakata mstari, akaandika mwingine, akasoma upya: wapangaji waondoke. Kiti kikageuka, kikarudi mahali pake.

"Mama watoto, hukumu hiyo unamsomea nani? Mimi au hicho?"

"Wewe sahihisha madaftari yako."

Akasahihisha. Neno la pili alikuwa nalo, akalimeza. Lilimkaa tumboni miezi mingi kama chakula kilicholala.

Jengo lilibomolewa. Uteuzi uliahirishwa, kisha ukaahirishwa tena, na mji ukaendelea kubashiri. Kiti hakikuondoka. Jaji alizoea kukisomea kila hukumu, jicho moja kwenye karatasi, jingine kwenye miguu ya kiti.

Jioni moja fundi alibisha hodi, cherehani kichwani, suruali ya Mwalimu mkononi. Mguu mmoja ulikuwa umeshonwa, wa pili bado.

"Nimekurudishia kitambaa chako, Mwalimu. Sina tena pa kushonea."

Aliitua cherehani sakafuni, akatazama huku na huku, akajitupa kwenye kile kiti kipana. Kiti hakikutikisika. Mwalimu akaenda kumletea maji.

"Dada, hicho hakikaliwi," jaji alisema. "Inuka, na uombe radhi."

Fundi akavua viatu, kimoja kimoja, akaegemea.

"Nitainuka miguu ikipoa, mheshimiwa. Radhi siombi."