Chembe ya Miaka Elfu Tisa

Chembe yenyewe ilikuwa ya duara, ya rangi ya asali, imezungukwa na miiba mifupi iliyopangwa kwa ustadi ambao seremala yeyote angeuonea wivu. Profesa aliitazama kwa hadubini asubuhi nzima, kisha akaipa jina lake mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza tope la chini ya ziwa na kusaka humo chavua, yaani unga wa maua yaliyochanua zamani za kale. Tope lile lilikuwa na umri wa miaka elfu tisa. Chembe hiyo haikuwamo katika kitabu chake chochote cha mimea ya porini. Basi akakata shauri kwamba ni ya mmea uliokwisha kutoweka duniani, na yeye ndiye aliyeugundua. Makala ilikwisha kwenda kwa mhariri, ichapwe Jumatatu. Kwa miaka thelathini alikuwa akiisubiri siku hiyo, na wivu wa wenzake alishaanza kuuonja ulimini.

Dharau hakuwa nayo haba. Wenzake aliwaita makarani wa sayansi. Kanisa la dada yake aliliita chama cha waoga wa kufikiri, na mchungaji wao, aliyetangaza kila Jumapili kwamba milima na nyota viliumbwa kwa ajili ya waumini wake mia mbili, alimwona kama kuku anayedhani jua huchomoza ili yeye auone mtama. Hapo, tuseme kweli, hakukosea sana. Alichosahau ni kwamba naye alikuwa kuku wa banda la pili.

Ijumaa mchana fundi wa maabara, mama mpole aliyemwoshea vioo vya hadubini kwa miaka kumi na miwili, alibisha hodi.

"Samahani, Profesa. Kile kioo kitupu hukukiweka, nikakiweka mimi."

Kioo kitupu huachwa wazi mezani kinase vumbi la chumba, ili ijulikane kipi kimetoka kwenye tope na kipi kimetoka hewani. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa hivyo. Profesa alikwisha kuacha desturi hiyo. Aliona ni kutiliwa shaka.

"Hewa ya chumba hiki naijua, mama."

"Ndiyo, Profesa. Lakini hebu kitazame."

Alikitazama. Chembe sita za duara, rangi ya asali, miiba ile ile. Uso ukamwaka moto.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe tu." Fundi aliinamisha macho. "Ila koti lako, Profesa, mabegani lina unga wa manjano."

Koti hilo jeupe alilivaa hadi nyumbani, ili majirani wajue anayepita ni nani. Huko hulitundika ukumbini, juu kidogo ya ndoo ambamo dada yake mkubwa, mjane aliyeishi naye, huloweka maua ya madhabahuni. Bingwa wa maua ya miaka elfu tisa iliyopita alikuwa akiyapita yaliyo hai mlangoni mwake, wala hata salamu.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alijishauri. Fundi si mtu wa maneno. Vioo navyo huvunjika.

Alimkuta dada yake amekaa kando ya ndoo, anapunguza vikonyo kwa mkasi.

"Haya yanaitwaje?"

"Makubwa! Leo Profesa anauliza jina la ua?" Dada alicheka. "Sijui, mdogo wangu. Mche tulipewa na jirani, naye alipewa."

"Unayapanga miaka yote hii na huyajui?"

"Mchungaji anasema yaliumbwa yatupendeze. Anasema hivyo huku ameyapa mgongo." Akakata kikonyo kingine. "Mimi ninayeyashika naona hayana habari nasi kabisa. Kanisa likifungwa yanachanua, likifunguliwa yanachanua. Hapo ndipo ninapomwogopa Mungu."

Profesa alikaa kwenye benchi na koti lake mwilini. Aliona aibu, aibu ya kweli, lakini si ya makala peke yake. Ile miiba ilikuwa mizuri vilevile sasa, baada ya kukoma kuwa yake.

Akampigia mhariri simu.

"Usiichape. Chembe ile haikutoka kwenye tope. Imetoka kwenye koti langu."

Mhariri alicheka, kwanza kwa adabu, baadaye bila adabu. Profesa alimwacha amalize.

"Haya, angalau tuambie ni ya mmea gani."

Dada yake alikuwa amemwekea ua moja magotini, na unga ulikuwa ukimdondokea kwenye suruali.

"Sijui," alisema Profesa. "Ninao hapa."