Chama cha Suluhu katika Nchi ya Hamaki

Nchi ya Hamaki ilipakana na nchi ya Shuku, na baina yao lilikuwako bonde liitwalo Rutuba, lenye udongo mweusi na maji yasiyokauka, ambalo hapana aliyepata kulilima, kwa kuwa kila mwaka baada ya mavuno majeshi ya nchi hizo yalikutana humo kuligombania. Vita hivyo vilikuwa ada na fahari ya Hamaki. Sultani Ghururi aliviagiza akiwa ameketi juu ya zulia. Maskini wa mtaa wa Unyonge walivipigana. Na mama aliyemlilia mwanawe hadharani alihesabiwa kuwa mhaini.

Katika mtaa huo aliishi Bi Insafu, mshona sanda. Alikwisha kumshonea mumewe, na mwaka uliofuata akamshonea kaka yake, wala hakunena neno. Lakini mwaka wa tatu Waziri Tadbiri, mtu hodari wa kupanga mambo mapema, alimpelekea majora ya bafta kabla vita havijatangazwa, ili sanda zikae tayari. Bi Insafu aliyabeba kichwani mpaka lango la kasri.

"Hawa mnaotaka niwashonee wako nyumbani wanakula," alimwambia mlinzi. "Mrudishie mwenyewe kitambaa chake."

Habari hiyo ilienea mtaani kabla ya adhuhuri. Latifu, mhunzi wa mikuki, alizima tanuri lake akamfuata, na wawili hao wakaasisi Chama cha Suluhu. Matakwa yao yalikuwa mawili: bonde la Rutuba wapewe wakulima wasio na ardhi wa nchi zote mbili, na mwenye kuagiza vita atangulie mstari wa mbele. Wakubwa walicheka. Wachukuzi, wafinyanzi na wajane hawakucheka. Walijaa uwanjani kusikiliza, na uchaguzi ulipofika, Suluhu ilipata viti vitano kati ya mia vya Baraza. Vilikuwa vichache, lakini viliwatia wakubwa hofu hata vita vya mwaka ule vikaahirishwa, na wanaume wa Unyonge wakaonekana wakiezeka nyumba zao.

Tadbiri hakupigana na chama hicho, alikikaribisha. Alimpa Latifu usimamizi wa visima, na Latifu, kwa moyo safi, akachimba visima arobaini katika mitaa ya maskini. Kisha Sultani akataka Baraza liidhinishe vita, na Waziri akasema kwa upole kwamba msimamizi asiyeunga mkono serikali hawezi kubaki kazini.

"Visima arobaini, dada," Latifu alimsihi Bi Insafu mbele ya wenzao. "Nikitoka, vitafukiwa. Vita vitapita kwa kura zetu au bila kura zetu."

"Basi na vipite bila zetu," alijibu Bi Insafu. "Watu walitutuma tuseme hapana. Hawakututuma tupime kama hapana yetu itatosha."

Kura zilipopigwa, wanne wa Suluhu walikubali vita, na Bi Insafu peke yake akakataa. Wajane waliacha kuja mikutanoni. Wachukuzi walirudisha kadi zao bila matusi, jambo lililouma kuliko matusi. Uchaguzi uliofuata haukuwapa hata kiti kimoja, na Latifu akaondolewa kwenye visima, maana hakuwa tena na kura ya kuuza.

Hapo ndipo Bi Insafu aliposhtakiwa kwa kuvunja nyoyo za askari. Kadhi Taklidi alimuuliza, "Ulitaka tushindwe?"

"Mheshimiwa Kadhi, nitajie mwaka tulioshinda."

Makarani walipekua daftari za miaka sitini. Walikuta majina ya waliokufa, yameandikwa kwa hati nzuri, ushindi hawakuukuta. Kadhi aliamuru daftari zifungwe.

"Chama chako kina wanachama wangapi?"

"Mmoja," alisema Bi Insafu.

Latifu, aliyeitwa kutoa ushahidi dhidi yake, alisimama. "Wawili," alisema. "Niliunga mkono vita ili niokoe visima, na maji yake nimeyaona yakitumika kuoshea maiti. Karani, andika wawili."

Kadhi, aliyejua kuhukumu kama waliomtangulia tu, aliwahukumu wote wawili kuhama nchi, na akapiga marufuku jina la Suluhu lisitamkwe. Vita viliendelea miaka minne zaidi, vikakoma kwa kukosa watu wa kuvipigana. Na Tadbiri, aliyetia saini mapatano, alivishwa nishani.

Siku ya kuhama, wawili hao walishika njia ya kusini bila mtu wa kuwasindikiza. Walikwenda kitambo kirefu.

"Bado sijakusamehe, Latifu," alisema Bi Insafu.

"Najua, dada. Jua ni kali. Pita upande huu wenye kivuli."

Bi Insafu alisita kidogo, kisha akavuka njia, wakaendelea na safari bega kwa bega.