Kioo Kilichopungua Shubiri

Jumanne, tarehe kumi na tatu Machi. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu, na sakafu ya kiwanda cha zamani cha sabuni, ikiguswa na maji, bado ilitoa povu.

Mama Rula alipita juu ya mbao, mchoro kaukumbatia kifuani. Jina hilo alipewa na mafundi wa karakana ya familia alipoanza masomo ya jioni ya usanifu akiwa na miaka hamsini na mmoja, naye akalipokea kama cheo. Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza: kugeuza kiwanda kuwa ukumbi wa kuonyeshea samani, na nyuma yake ofisi yenye ukuta wa kioo. Kaka yake, mwenye karakana, alisema wazi: kioo kisipokaa, kazi anapewa msanifu mwingine.

Kioo hakikukaa. Kilipungua shubiri nzima.

"Paka anapita hapa," alisema wifi yake, akipitisha mkono.

"Nimekata mita nne, kama ilivyoandikwa," alisema fundi vioo.

"Umekata ukisinzia," alifoka kaka. "Kibebe. Kingine utakata bure."

"Mzee, tepu hii hapa. Pima mwenyewe."

"Mimi sipimi kwa tepu za barabarani."

Mama Rula akaishika kamba iliyoning'inia begani mwake. Karakanani hakikupimwa kitu ila kwa kamba ya marehemu baba yao, kila fundo nusu mita, na kaka alishikilia hata kiwandani itumike hiyohiyo. Darasani alifundishwa tepu, lakini amri ya kaka ni amri. Siku ya kupima alipiga goti, akaomba, akapima: mafundo manane, akaandika mita nne. Sasa akaelewa: kumbe kamba imevutwa miaka thelathini, ikarefuka bila kumwambia mtu. Vitanda havikuwahi kulalamika, maana kitanda na godoro vilipimwa kwa kamba moja.

Angeweza kunyamaza. Fundi vioo alishainama kubeba. Akamwomba Mungu ampe maneno, akapewa machache.

"Kaka, mwache. Kosa ni langu. Nilipima kwa kamba ya baba."

"Kamba ya baba haidanganyi."

"Haidanganyi. Imezeeka tu, kama sisi."

Kaka akaichukua kamba, akainyoosha sakafuni, akalaza tepu kando yake. Akapima mara mbili, kisha ya tatu, kama anayesoma barua ya msiba.

"Tepu imefupika," alisema.

Akaiacha tepu, akamgeukia dada yake.

"Nani alikulazimisha kutumia kamba?"

"Wewe."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yangu," alisema wifi. "Tena ulipiga meza."

Kaka akavua kofia, akakohoa.

"Haya. Mke wangu sikiliza, na wewe fundi vioo uwe shahidi. Mchoro huu ni wa dada yangu mpaka siku ya kufungua, na vipimo ni vyake, kwa kifaa anachokiamini yeye. Pengo hilo nitaliziba kwa mbao, mimi mwenyewe, atakavyo yeye. Na nikiingiza mdomo tena, nifungieni nje."