Waliomtangulia Profesa Thirkell Mezani

Jumanne moja ya Februari mwaka 1877, saa tano asubuhi, Honora Gaughan alikuwa akimenya viazi katika jiko la nyumba moja ya Bloomsbury, London, pale mama yake alipoingia kwa mlango wa stoo ya makaa. Mama huyo alikuwa amekufa kwa njaa huko Mayo, Ayalandi, miaka thelathini nyuma. Alikuwa bado na umri wa miaka thelathini na miwili. Honora alikuwa na arobaini na mmoja, na magoti yanayouma.

"Umezeeka, mwanangu," mama alisema.

"Nimekula, mama. Anayekula huzeeka."

Mama akauliza bwana wa nyumba anakaa wapi. Honora akamwonyesha ngazi kwa ncha ya kisu. Nyuma ya mama waliingia Fintan, kaka yake Honora, kisha majirani wa kijijini kwao, wote wafu wa njaa ile ile, watu kumi na wanane kwa jumla. Wakajipanga mstari kutoka jikoni hadi chumba cha kulia, kama watu waliozoea kungoja.

Bwana wa nyumba alikuwa Profesa Ambrose Thirkell, mwalimu wa elimu ya uchumi. Alipokuwa kijana aliandika kitabu ambacho sura yake ya tatu ilisema kwamba njaa ni mwalimu mkali lakini mwadilifu, na kwamba mtawala anayegawa chakula huingilia biashara na kuwafundisha watu uvivu. Wakubwa serikalini waliisoma sura hiyo wakaipenda. Majira ya baridi ya njaa ile, ngano na siagi ya Mayo vilipelekwa bandarini vikilindwa na askari, vikapita mbele ya mlango wa kina Gaughan. Sasa profesa alikuwa akikitengeneza upya kitabu chake, kwa sababu njaa ilikuwa imeingia India. Kila palipoandikwa Ayalandi alifuta, akaandika Madras, jimbo la India. Sentensi nyingine aliziacha zilivyo.

Mchana ule aliletewa paja la kondoo. Alikata pande, akaliinua kwa uma, na mama yake Honora akalichukua kutoka kwenye uma, akala, akasogea pembeni. Kipande cha pili alikichukua Fintan. Mkewe profesa, Bi Lavinia, alikula sahani yake bila kubughudhiwa, akamwomba mumewe aketi vizuri, na akawaomba wageni wapanguse miguu.

Ikawa hivyo kila siku. Daktari aliagiza uji; Fintan akaunywa. Profesa hakushangaa. Alimweleza mkewe kwamba wenye haja ni wengi kuliko chakula, na kwamba mambo haya hujirekebisha yenyewe watu wakishashiba. Lakini hawa hawakushiba. Aliyemaliza kula alirudi mwisho wa mstari.

Wiki ya tatu, koti likimning'inia mwilini, alishuka jikoni. Hakuwa amekanyaga humo kwa miaka kumi na minne.

"Hawa ni jamaa zako, Gaughan."

"Ndiyo, bwana."

"Waambie waondoke. Nina njaa."

Mama alikuwa ameshamwambia Honora kwamba Honora mwenyewe akisema neno moja tu, wote wataondoka. Honora aliendelea kukanda unga.

"Bwana mwenyewe hutufundisha," alisema. "Anayeingilia kati humdhuru mwenye njaa. Sasa nikuharibu wewe, bwana wangu, kwa kukufundisha uvivu?"

Profesa alisema kitabuni alizungumzia mataifa, si watu. Mama akasema jambo kwa Kiairishi, naye profesa akauliza amesema nini.

"Anauliza kama umeshajaribu nyasi, bwana. Wao walikula."

Profesa alitoka akaenda kwenye bustani ya mbele, akapiga magoti, akang'oa nyasi. Majirani wa Bloomsbury waliopita walimvulia kofia. Nyasi, wale wa kwenye mstari walimwachia. Honora alimtazama kutoka dirisha la jikoni, na furaha ikampanda kifuani, ya moto na nzito, wala hakujaribu kuizima.

Alimaliza kusahihisha kurasa za mwisho akiwa na midomo ya kijani, akafa Ijumaa. Daktari aliandika kwamba kilichomuua ni udhaifu wa tumbo. Kitabu kilitoka kabla ya Pasaka, na kila kijana aliyetaka kwenda kutawala India alitakiwa aijue sura ya tatu kwa moyo. Mchele wa Madras ukashushwa London kama kawaida, mzuri na mweupe. Bi Lavinia aliusifu.

Mama na wenzake walibaki. Honora aliwapikia, wakala, na njaa yao haikupungua. Furaha yake ndiyo iliyopungua.

Mwezi wa Julai, akikata kitunguu, alisikia mlango wa makaa ukifunguliwa. Aliingia mwanamke aliyejitanda nguo nyembamba ya pamba ya Kihindi, amembeba mtoto kiunoni, na nyuma yake mstari ulitoka nje ukaipita nyumba, ukapinda kona. Mwanamke alisema maneno ambayo Honora hakuyaelewa. Mama aliyaelewa.

"Wanamuulizia bwana."

"Waambie amekufa."

"Nimewaambia. Wanauliza ni nani anayefundisha badala yake."

Honora akaweka kisu chini, akanawa mikono, akamtoa mwanamke yule hadi barazani na kumwonyesha njia, mama akitafsiri: avuke bustani, apinde kushoto, nyumba ya tatu. Akaongeza kwamba pale chakula huandaliwa saa saba.