Vinati Vyekundu Ndani ya Maji ya Chumvi

Hakuna aliyemfukuza Bibi Ringi kwenye kigoda chake. Aliinuka mwenyewe kwenda kunywa maji, na aliporudi akamkuta wifi yake amekikalia. Mbele ya wifi ringi ya baiskeli ilikuwa inazunguka taratibu, haiyumbi hata unywele.

"Samahani, wifi, nimekukalia kigoda," alisema wifi bila kunyanyuka.

"Kaa tu, mama. Kwani kigoda kina jina la mtu?"

Alisema hivyo akitabasamu, lakini rohoni alikuwa kama amemeza kaa la moto.

Jina la Bibi Ringi alipewa na wateja. Karakana ilikuwa ya mdogo wake wa kiume, ambaye yeye ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kwa miaka ishirini na mitatu hakuna gurudumu lililotoka pale bila kupita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyesuka spoki, akazikaza moja moja, akaikagua ringi kwa jicho moja mpaka itulie. Kisha mdogo wake akaoa, na mke akaja na mikono myepesi na kopo la vinati vyekundu.

Vinati ni zile nati ndogo zinazoshika spoki kwenye ringi. Bibi Ringi alitumia vya shaba ya manjano, vizito, visivyo na sura. Vya wifi vilikuwa vya alumini, vyepesi kama punje za mchele, vyekundu vya kung'aa. Wateja waliona gurudumu lenye mzunguko wa vidoti vyekundu wakapagawa.

"Bibi Ringi, hii imevaa shanga!" alisema muuza maziwa. "Zako zilikuwa zimevaa sare ya jela."

Watu wakacheka. Bibi Ringi naye akacheka, kwa sababu asiyecheka ndiye hujulikana.

Ndipo msimamizi wa mabwawa ya chumvi akaleta baiskeli kumi na mbili zibadilishwe magurudumu yote. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata, na kama ikipendeza, baiskeli nyingine za mabwawani zingefuata. Mdogo mtu hakufikiri mara mbili.

"Dada, hizi atasuka wifi yako. Wewe pumzisha macho."

"Macho yangu yamekulalamikia lini?"

"Dada, jamani. Nakuonea huruma tu."

Huruma! Bora angemtukana. Bibi Ringi alijua wazi kwamba atakayesuka magurudumu ya mabwawani ndiye atakayekaa kwenye kile kigoda siku zote, na mwingine atabaki kuziba tyubu.

Sasa, Bibi Ringi alikuwa anasoma masomo ya jioni. Alianza akiwa na miaka hamsini na moja, kwenye dawati la dirishani lililombana magoti, na kila somo alilipokea kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba aliyoipita nje maisha yake yote. Wiki ileile mwalimu alifundisha habari za metali. Alisema metali mbili za aina tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, moja huila nyingine. Alumini ikigusana na chuma kisichoshika kutu, inayoliwa ni alumini. Bibi Ringi aliandika polepole, kisha kalamu ikasimama. Spoki za wifi zilikuwa za chuma kisichoshika kutu. Na wafanyakazi wa mabwawani hubeba magunia ya chumvi mbichi, yanayochuruzika maji juu ya magurudumu kutwa nzima.

Angeweza kusema kesho yake asubuhi. Hakusema. Alichukua vikopo vitatu vya glasi akavitia maji ya chumvi. Katika cha kwanza aliweka kipande cha spoki chenye kinati cha shaba. Katika cha pili aliweka spoki yenye kinati chekundu, alichokiokota chini ya meza. Katika cha tatu, kinati chekundu peke yake. Akavificha nyuma ya makopo ya grisi.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua milango, alikuwa na desturi ya kusali amesimama, ameshika kufuli. Sasa sala ilikuwa inakwisha haraka, kisha macho yanakimbilia vikoponi. Siku ya tisa aliona. Kinati cha shaba kilikuwa kimefifia tu. Kilichokuwa peke yake kilikuwa karibu kama kilivyoingia. Lakini kile kilichogusana na spoki kilikuwa kimetoka unga mweupe mdomoni, na rangi nyekundu imebabuka.

"Asante, Mungu wangu," alisema kwa sauti.

Akajisikia. Kufuli lilikuwa bado mkononi. Alikuwa amemshukuru Mungu kwa kutu! Mbele ya macho yake alimwona mtu asiyemfahamu, gunia nyuma ya baiskeli, spoki zikiachia moja baada ya nyingine kwenye mteremko. Aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Hata hivyo akajiambia, nitasema kesho. Baiskeli zilikuwa zinaondoka Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi mchana wifi alikwenda kutafuta grisi, akarudi na kile kikopo cha pili.

"Wifi, hiki ni nini?"

Mdogo mtu aliacha pampu.

"Hiki kinati ni changu," wifi aliendelea. "Umekiozesha. Ulitaka umwonyeshe nani? Ungeniambia tu kwamba hunitaki hapa!"

"Dada," mdogo wake alisema taratibu, "umefanya nini?"

Bibi Ringi alifungua kinywa kueleza habari za metali, akaona wazi kwamba hakuna atakayemsadiki. Angesema vinati vyekundu havifai, na wao wangeusikia wivu wake tu. Na wasingekosea. Njia ilikuwa moja, nayo ilikuwa imepita katikati ya aibu yake.

"Nina wivu na wewe, wifi," alisema. "Tangu siku ile ya kigoda. Ringi yako inatulia kuliko yangu, na inaniuma. Haya, hilo limetoka. Sasa la pili: hivyo vinati vitaliwa na chumvi, na mtu ataanguka. Nimelijua hili siku tisa nikanyamaza, nikingoja uaibike. Hilo nitamjibu Mungu. Lakini baiskeli zisiende kesho."

Wifi aliitoa spoki majini, akaibana kwenye jiriwa, akashika kispana chake na kujaribu kukizungusha kinati. Kiligoma. Akaongeza nguvu. Kikavunjika kama biskuti, na unga mweupe ukamwagika mezani. Akakifuata na cha shaba nyuma ya makopo ya grisi, akakijaribu. Kilizunguka.

"Siku tisa," alisema wifi.

"Siku tisa."

"Ungeniacha?"

Bibi Ringi alitaka kusema hapana. "Sijui," alisema. "Nilikuwa naomba nisijue."

Mdogo mtu alikaa chini juu ya tairi, mikono kichwani. "Magurudumu ishirini na manne," alinung'unika. "Mtanimaliza nyinyi."

"Nyamaza, tunafanya kazi," alisema mkewe. Alikuwa ameshavuta gurudumu la kwanza. "Wifi, lete vile vinati vyako vya jela."

Walifungua na kukaza mpaka jioni, wifi kwenye kigoda, Bibi Ringi kwenye kreti la soda lililopinduliwa. Gurudumu la wifi lilizunguka bila kuyumba, na lile kaa la moto likawaka tena. Bibi Ringi alilitazama gurudumu, akapumua, akaomba kimoyomoyo aendelee kukaza la kwake.

"Hayo ya metali," wifi aliuliza ghafla, "ulifundishwa wapi?"

"Darasani. Jioni."

"Na mimi nataka kusoma."

Bibi Ringi alisimamisha kispana. Hata huko? Kigoda, wateja, na sasa daftari?

"Tunaanza saa kumi na mbili," alisema mwishowe. "Usichelewe, mwalimu ni mkali. Na dawati la dirishani, wifi, lile ni langu."