Kiganja cha Kulaza

Shangazi alikuwa na mdomo. Hilo hata yeye alilijua, na wala halikumkera. Kwao akitia mguu sokoni, wauza nguo walianza kupunguza bei kabla hajasema kitu. Kwa hiyo ilimuuma sana kufika nchi ya watu, kwenye mji wa maghorofa yanayofanana kama mapacha, akakuta mdomo wote ule haumfai hata kununua chumvi.

Alikuja kwa ajili ya wifi yake. Mimba ya pili ilimsumbua, madaktari wakamlaza mpaka ajifungue, na kaka mtu alikuwa kiwandani kutwa nzima. Nani angemwangalia binti yao, ambaye hata shule hajaanza? Shangazi akajitolea. Wifi hakufurahi, na hakujua kuficha.

"Wifi, sisemi kwa ubaya," alimwambia pale wodini, "lakini wewe hujawahi kulea. Huyu mtoto ni mwepesi. Ukipepesa jicho tu, hayupo."

Shangazi alicheka, lakini neno lile lilimwingia likakaa. Hakujaliwa kuzaa, na watu walikuwa wamemkumbusha hivyo maisha yake yote, tena kwa lugha anayoielewa vizuri.

Mtoto mwenyewe walimwita Kibiriti, maana alikuwa mdogo na alikuwa haishi kuwaka. Mchezo wake mkubwa ulikuwa kukimbizwa. Shangazi akipiga kelele, "Wee! Rudi hapa!" Kibiriti alichukulia kwamba mchezo umeanza, akatoka mbio huku akicheka. Walizungushana hivyo mezani mpaka shangazi mtu akaishiwa pumzi na kuomba amani.

Chini ya ghorofa lao kulikuwa na duka la fundi wa nguo, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani kwenye ncha ya pua; Shangazi akampa jina la Miwani. Shangazi naye ni fundi cherehani. Siku ya kwanza alimchungulia kupitia kioo, siku ya pili akaingia, akavuta kigoda, akachukua suruali iliyokuwa inangoja kupindwa, akaipinda. Miwani aliikagua, akamwekea nyingine. Basi wakawa mashoga. Kila mmoja alipiga soga kwa lugha yake na mwenzake aliitikia kwa ya kwake, na kwa jinsi walivyokuwa wakicheka, mpita njia angeapa kwamba wanaelewana.

Siku hiyo Miwani alikuwa amemshonea Kibiriti gauni la njano kwa kipande kilichobaki, na mtoto akalivaa papo hapo, akagoma kulivua. Akakaa chini ya meza akichezea vifungo. Kisha zipu ya koti moja zito ikang'ang'ania ndani ya cherehani. Mafundi wawili wakainama, huyu anavuta, yule anazungusha gurudumu, wote wawili wanaitukana zipu, kila mtu kwa lugha yake. Zipu ilipoachia walishangilia. Shangazi akainama chini ya meza amwonyeshe mtoto.

Vifungo vilikuwepo. Mlango wa duka ulikuwa wazi kidogo.

"Kibiriti!"

Shangazi alitoka nje bila viatu. Barabara ilikuwa na watu wanaotembea haraka na magari yaliyoegeshwa pande zote, na gauni la njano halikuonekana popote. Simu yake ilikuwa juu ghorofani kwenye chaji, na hata angekuwa nayo, simu ya kaka hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Alikuwa peke yake na mdomo wake.

Akamshika mwanamke aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto. "Mtoto wangu! Umeona mtoto?" Akamwonyesha kwa mkono, usawa wa kiuno, vidole amevikusanya vikitazama juu. Mwanamke alitazama vile vidole, akatikisa kichwa, akapita. Akamsimamisha kijana mmoja, akamwonyesha vilevile. Kijana alijipapasa mfukoni, akamtia sarafu kiganjani. Shangazi aliitazama ile sarafu asiamini. Wamemfanya ombaomba, na mtoto hayupo.

Kwenye kona alikuwepo mfagiaji wa barabara, mzee mrefu mwenye kizibao cha rangi ya chungwa. Shangazi akamrukia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, tofauti na wenzake, akamtazama anavyojishika nguo akieleza gauni la njano huku analia. Kisha akalaza kiganja hewani karibu na paja lake, na kwa ufagio akaelekeza nyuma ya jengo.

Shangazi alikitazama kiganja kile, damu ikamchemka. Kwao mtu haonyeshwi hivyo. Mtoto wa mtu huonyeshwa kwa vidole vinavyotazama juu, ili aendelee kukua. Kiganja cha kulaza ni cha mbuzi. Ni cha ndama, ni cha mbwa. Ukimlazia mtoto wa mwenzio kiganja mbele yake, umemtakia adumae, na utajibu.

"Mbwa?" alifoka. "Mimi namtafuta mtu, wewe unanionyesha mbwa? Mzee mzima huna hata haya!"

Mzee alirudia, kiganja kilekile, safari hii akikitikisa juu na chini. Shangazi akakipiga kile kiganja, kofi lililosikika, akamwacha pale na kukimbilia upande wa pili, kwenye barabara kuu ya mabasi. Ndiyo aliyokuwa akiiogopa tangu mwanzo.

Alisimama ukingoni, roho mkononi. Mabasi yalipita mfululizo. Aliangalia chini ya magurudumu, akajilazimisha kuangalia tena. Alimwona wifi kitandani. Alimwona kaka yake akirudi kutoka zamu, akivua viatu mlangoni, akiuliza mtoto yuko wapi.

Mkono ukamshika begani. Ni Miwani, anahema, uso umemwiva. Alisema maneno mengi akielekeza nyuma, kwenye kona ya mfagiaji, shangazi akayajibu kwa mengi zaidi, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuna aliyecheka. Mwishowe Miwani akachomoa utepe wa kupimia shingoni. Akaachia ncha moja ifike chini, akapandisha vidole kwenye utepe mpaka kwenye kipimo alichokichukua yeye mwenyewe asubuhi ile, akabana hapo. Akatoa mfukoni kipande cha kitambaa cha njano, akakining'iniza kando ya utepe. Halafu juu ya vyote viwili, taratibu, akalaza kiganja.

Shangazi akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimchoma kuliko hofu. Huku mtu hupimwa hivi. Yule mzee alimwona mtoto. Alimwambia alikoenda, naye akamzaba kofi, akakimbilia kusiko.

Walirudi mbio. Kwenye kona mzee hayupo, ufagio haupo. Nyuma ya jengo kulikuwa na ukuta mrefu wa mabati uliozunguka mahali wanapojenga, na njia zinazoenda kila upande. Dereva mmoja alikuwa akipakua maboksi. Shangazi akanyoosha mkono, vidole vikajikusanya vyenyewe kutazama juu. Akavikunjua. Mkono ulimgomea. Maisha yake yote hajawahi kumfanyia mtoto wa mtu jambo lile, sembuse huyu.

"Mungu nisamehe," alisema, akalaza kiganja usawa wa kiuno.

Dereva hakusita. Akaelekeza kwenye mabati, mahali palipokunjika na kuacha tundu.

Ndani hapakuwa na wafanyakazi. Kulikuwa na shimo la msingi, kubwa kuliko nyumba, limejaa maji ya mvua ya rangi ya chai, na ubao mmoja umelazwa juu yake kutoka ukingo hadi ukingo. Katikati ya ubao amechuchumaa Kibiriti, anatupa vijiwe majini. Upande wa huku yule mzee alikuwa amepiga magoti kwenye tope, mkono ameunyoosha, anaongea kwa sauti ya chini. Alipojongea hatua moja, Kibiriti alicheka akarudi nyuma, na ubao ukanesa.

Kelele ilishamfika shangazi kooni. Wee! Rudi hapa! Ilikuwa inatoka, na ingetoka, na mtoto angefurahi, angesimama na kukimbia. Shangazi akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Miwani alikuwa akimkaba mkono kwa nguvu. Shangazi akashuka mpaka ukingoni, akakaa chini kwenye tope, akanyamaza. Hakuna kazi aliyowahi kufanya iliyomtaka nguvu kama ile.

Kibiriti aliinua macho. Alingoja akimbizwe. Hakukimbizwa.

"Shangazi, mbona hupigi kelele?"

"Nimechoka, mama," alijibu polepole. "Nimekaa chini, sasa kuinuka siwezi. Njoo uniinue."

Mtoto alifikiria. Akatupa kijiwe cha mwisho. Akainuka na kuja, mguu mmoja mbele ya mwingine, ubao unanesa, maji yanapiga ukingo. Alipokaribia akanyoosha mikono miwili kumwinua shangazi yake, na shangazi akaidaka, akamvuta, wakaangukia nyuma wote wawili.

Alilia kwa sauti. Akamtikisa, akambusu, akamfinya, akambusu tena. Miwani alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Mzee alibaki amepiga magoti, mkono uliopigwa kofi ameuweka mapajani kana kwamba hautaki tena kuonekana.

Shangazi alimwona. "Baba, nisamehe," alimwambia. "Nilikuvunjia heshima, na wewe ulikuwa unanisaidia." Mzee alimtazama tu. Maneno hayakufika. Basi akauchukua mkono ule kwa mikono yake miwili, akaukunjua vidole kimoja kimoja, akauweka juu ya kichwa cha Kibiriti, kiganja kimelala. Mzee aliuacha pale. Machozi yalimtoka, naye akayaacha.

Baadaye alimwuliza mtoto kitu, akimwonyesha shangazi kwa kidevu. Kibiriti, aliyekwisha kuiokota lugha ya huko, akajibu kwa neno moja.

"Anasemaje?" shangazi aliuliza.

"Anauliza kama wewe ndiye mama yangu."

"Umemjibuje?"

"Nimesema ndiyo. Neno la shangazi kwa lugha yao silijui."

Shangazi alitaka kumsahihisha. Akamfuta tope shavuni kwanza, akamfuta na shavu la pili, na alipomaliza hakumsahihisha.