Kuku wa Kuondoa Haya

Bibi Safi aliingia Kasongo kwa lori, akiwa juu ya magunia ya pamba, amejifunika kitambaa cheupe, na kabla kamyo haijazimwa mtaa mzima ulishajua kwamba amefika. Sikumwambia mtu. Labda wawili watatu. Kamyo ilikuwa imetoka Kabambare, ikalala Lusangi kwa sababu ya daraja lililokatika, na mwanawe Moustapha aliruka chini akiwa mwekundu kwa vumbi, akaanza kukagua vitu vyake: kiti, mianzi ya kubebea, sufuria ya mama, mama mwenyewe.

"Mama unamuweka mwisho?" nikamuuliza.

"Mama hawezi kuanguka akapotea, Mama Alimasi. Sufuria inaweza."

Bibi Safi akacheka huko juu. Miguu yake ilikuwa imekufa tangu siku alipoteleza kijitoni akitoa mihogo yake majini, lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa, na mimi mtu wa namna hiyo simwachi aende kulala kwa mwingine.

Alikuwa anakwenda Kindu kumwona dada yake Fatuma. Wawili hao walizaliwa nyumba moja, wakalala mkeka mmoja, hadi Fatuma alipoolewa na mtu wa reli akaondoka. Hawakuonana tena. Sasa mfanyakazi mmoja wa batô, meli ya mtoni, alikuwa ameleta maneno: Fatuma anaumwa, tumbo limejaa maji, anasema kama Safi anakuja basi aje na batô hii, ya nyuma yake hadhani kama ataiona. Batô ingemfikisha mahali pa kupandia treni, treni ingemfikisha Kindu. Bibi Safi aliposikia hayo hakulia. Alisema tu afuliwe nguo.

Moustapha alikuwa fundi wa kushona, na safari ya mama yake aliipanga kama mtu anayekata kitambaa cha mteja mwenye hasira: kupima, kupima tena, ndipo mkasi. Alikwenda mwenyewe kumbembeleza mwenye kamyo ya pamba. Alitafuta ruhusa ya kusafiri kwa Administratère, mkuu wa wilaya. Kiti alikifunga mianzi ubavuni, mfano wa kile kipoyi walichobebewa Wazungu zamani. Majirani walipomwona Bibi Safi akiletwa kwangu juu ya mabega ya watu wakamwamkia, "Jambo, Bwana Administratère."

"Njia ya mbele ya nyumba yenu inajaa majani," akawajibu. "Nitawafunga wote."

Lililobaki lilikuwa jambo la kulala, na hilo ndilo lililotuuma.

Mji wetu hauko juu ya maji. Batô inasimama mbali, kule chini kwenye Lualaba, penye kambi ya wakata kuni. Vibanda vya kambi ni vya wanaume watupu. Nyumba ya maana ilikuwa moja tu, ya Raphaël, kapita anayesimamia wakata kuni, na Raphaël alikuwa mume wa Pascaline, binti wa Bibi Safi. Mlango wa nyumba hiyo ulitazama mto. Pascaline alikuwa ameshatandika kitanda, na shuka lililopigwa pasi. Ukilala pale, batô ikipiga honi unanawa uso kwanza, ndipo unapanda.

Lakini Raphaël alikuwa mkwe. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja, hawali sahani moja, hawagusani, wala hawatajani jina. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Si chuki, ni heshima, na watu husema haya hiyo ikivunjwa ovyo ovyo anayeumia ni binti, hasa akiwa na mimba. Pascaline alikuwa na mimba. Dawa yake iko, nayo ni ndogo: mkwe analeta kuku wa nyumbani kwake, anampa mama mkwe mbele ya ndugu wa mke, wanamla pamoja, haya imeondoka. Tangu siku hiyo anaweza kumbeba mgongoni kama mama yake mzazi.

Na Raphaël alikuwa tayari. Moustapha alipokuja peke yake kabla ya safari kutafuta mahali pa kulala, walikaa uani kwangu wote wawili, mimi natwanga sombe, majani ya mihogo, pembeni, masikio yangu wazi.

"Shemeji, kuku iko," Raphaël akasema. "Jogoo mwekundu. Mama akishuka tu kwenye kamyo, namutolea, analala kwangu, kazi imeisha."

"Kuku moja?" Moustapha akamtazama. "Mama yangu umuondolee haya na kuku moja, watu wa kamyo wanatazama, kila mutu na mavumbi yake?"

"Sasa unataka nini?"

"Akirudi kutoka Kindu. Tunachinja mbuzi, tunaita ndugu zetu wa Lusangi wote. Mapadri wako wanakuja, walimu wetu wanakuja, ngoma inalia mpaka kule kwenye kuni zako."

"Na sasa alale wapi?"

"Hapa kwa Mama Alimasi. Hii nyumba imeshakataa nani?"

Raphaël alijikuna shingo. "Kutoka hapa mpaka mtoni ni mbali, shemeji."

"Ndiyo sababu nimetafuta wabebaji."

Raphaël hakubishana. Mtu aliyeoa kwenu hawezi kukuambia kwamba mama yako anatosha kupewa kuku mmoja. Akachukua baiskeli yake akaondoka, na huyo jogoo akabaki hai, anawika kila alfajiri kando ya Lualaba.

Mpango wa Moustapha haukuwa mbaya. Batô ilitazamiwa Jumamosi. Ijumaa baada ya swala wabebaji wangemshusha Bibi Safi mtoni, angelala kwenye hangari ya mizigo pamoja na mwanawe, asubuhi wangempandisha. Kwangu alikaa siku kadhaa kwa raha. Uani palijaa. Wanawake walikuja na mihogo yao kumenya huku wakimsikiliza anavyomwigiza Fatuma alipokuwa msichana, Fatuma aliyekuwa akiogopa vyura na kumsukuma yeye mbele.

"Nikifika nitamuwekea chura kitandani," akasema. "Atapona hapo hapo."

Ijumaa batô ikawahi. Mvua ilikuwa imejaza mto huko juu, maji yakaileta mbio, na nahodha akasema anapakia kuni tu halafu anaondoka, hataki kukutwa na giza kwenye miamba. Raphaël aliisikia honi mkononi ana gogo la kuni. Akalitupa, akapanda baiskeli.

Mtaa wetu ni wa Waislamu, na Ijumaa mchana, saa ya swala, hata mbwa hupunguza kelele. Raphaël alipita kwanza msikitini. Moustapha alikuwa ndani, na wabebaji wake ndani, na kila mwanamume mwenye mabega alikuwa ndani. Hotuba ilikuwa katikati. Alisimama mlangoni, yeye Mkristo, kofia mkononi, mzee Amisi aliyekaa nyuma akamwonyesha kiganja: ngoja. Akangoja, akaona haitawezekana, akaja kwangu.

Hakuingia. Alisimama nje ya ua wa mafunjo, akageuka akatupa mgongo. Bibi Safi alikuwa ndani ya ua juu ya mkeka, umbali wa mtu kumpa mwenzake chumvi. Akasikia baiskeli ikiegemezwa, akajifunika uso.

"Mama Alimasi," Raphaël akasema, anahema, "mwambie Mama batô imefika. Inapakia kuni. Haitalala."

Bibi Safi alikuwa amesikia kila neno, ila ilibidi nimwambie. "Mkwe wako anasema batô imefika, haitalala."

"Mwambie mkwe wangu nashukuru. Amuite mwanangu."

"Umesikia?" nikauliza upande wa pili.

"Mwambie nimetoka kule. Wako katikati. Wakimaliza, wabebaji wakitembea na kiti, mi najua ile njia, batô itakuwa imeenda." Akapiga kofi kiti cha baiskeli yake. "Mwambie mi niko na hii kinga. Tumufunge na kitambaa, nimubebe. Sitatazama nyuma hata kidogo."

Bibi Safi akatikisa kichwa chini ya kitambaa. Mimi na jirani yangu Régina tukasema tutambeba sisi, tukashika mianzi ya kiti, tukamwinua, tukafika kwenye wembamba wa njia pale inapoanza kuteremka. Régina akateleza. Kiti kikalala upande, Bibi Safi akashika majani kwa mikono yote miwili. Raphaël alikuwa ameruka kutoka nyuma yetu, mikono mbele, tayari kumdaka, na hapo hapo akajizuia, mikono ikabaki hewani, akageuka tena mgongo. Sijapata kuona mikono ya mtu mzima ikikosa kazi namna ile.

Tukamrudisha uani. Bibi Safi akapangusa magoti yake yasiyosikia kitu.

"Muulize," akaniambia, "kwa nini hakuniletea kuku. Miaka yote hii, mtu mwema hivi. Wenzake wanaleta."

Jibu nililijua. Lakini lilikuwa la kwake Raphaël.

"Mwambie kuku iko," Raphaël akasema taratibu. "Nilitaka kuleta siku ile anashuka kwenye kamyo. Shemeji akasema tungoje mbuzi. Tungoje watu."

Bibi Safi akafunua uso, akatazama ua wa mafunjo kama anayeweza kumwona upande wa pili. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alidhani mkwe wake anamdharau, akaibeba hiyo dharau toka Kabambare bila kuisema, na mimi niliyedhani nasikia kila kitu, hilo sikulisikia.

Nikaenda bandani nikakamata kuku wangu, nikarudi naye miguu juu.

"Chukueni huyu. Mpe sasa hivi."

"Huyo si wa nyumbani kwake," Bibi Safi akasema. "Na ndugu yangu wa kushuhudia iko wapi? Wewe na Régina?" Akacheka kidogo, cheko lisilofika mbali. "Muweke chini, unamuumiza."

"Bibi, Fatuma anakungoja."

"Ninajua anangoja." Akavuta kitambaa. "Fatuma ni damu yangu. Na ile iko tumboni mwa Pascaline ni ya nani? Nikipanda hiyo kinga, halafu mutoto azaliwe vibaya, nitamwambia nini? Kwamba nilikuwa na haraka?" Kisha akasema kwa sauti ya juu kidogo, yenye adabu, "Mwambie mkwe wangu hana kosa. Tungoje mwanangu."

Basi tukangoja. Kuku wangu alizunguka uani anadonoa.

Moustapha alipotoka msikitini akaambiwa, alikuja mbio viatu mkononi. Wabebaji wakanyanyua kiti hata kabla Bibi Safi hajakaa sawasawa. Tulikimbia wote, Raphaël mbele na baiskeli, akiwa hajageuka bado. Tulikuwa bado tuna mteremko mrefu tulipomwona Pascaline anapanda, na kikapu kichwani. Ndani mlikuwa na wali aliomfungia mama yake kwenye majani kwa safari. Alikuwa anatembea polepole. Mtu anayekuja kukuhimiza hatembei polepole.

Wabebaji wakasimama wenyewe.

"Niliwaomba," Pascaline akasema. "Niliwaonyesha tumbo. Nahodha akanihurumia akangoja kidogo. Halafu akasema miamba haina huruma."

Moustapha akakaa chini katikati ya njia na kanzu yake nyeupe. Bibi Safi, juu ya mabega ya watu, alikuwa ameshika ncha ya kitambaa akiikunja na kuikunjua. "Shusheni kikapu," akasema mwishowe. "Huyu mutoto asibebe na wali tena."

Alibaki kwangu akingoja batô nyingine. Nyumba ilijaa kama kawaida, ila kuhusu vyura hakuzungumza tena. Batô hiyo ilipofika, mfanyakazi yule yule akapanda hadi kwangu, akavua kofia kabla hajafika mlangoni. Fatuma alikuwa ameshazikwa. Alimuulizia Safi hadi mwisho, akasema labda njia imemshinda kwa ajili ya miguu.

"Haikuwa miguu," Bibi Safi akasema.

Moustapha alikuwa anashona kitu kibarazani. Sindano ilisimama. Tangu Ijumaa ile hakuna aliyemlaumu kwa mdomo, na nadhani angependa mtu amlaumu. Akaweka kitambaa chini, akaondoka kwa miguu, akarudi jioni na Raphaël, na Raphaël amemkumbatia yule jogoo mwekundu.

Hakukuwa na mbuzi. Hakukuwa na ngoma, wala Lusangi, wala mapadri wala walimu. Moustapha alisimama kama ndugu wa mke. Raphaël alipiga magoti, akamtoa jogoo kwa mikono yote miwili, na Bibi Safi akampokea. Nilimpika mimi, na mawese mengi, nyama ikawa ngumu maana jogoo alikuwa amezeeka. Wakala sahani moja. Yote hayo hayakuhitaji zaidi ya muda wa maji kuchemka.

Asubuhi Bibi Safi akataka apelekwe mtoni. Raphaël alichuchumaa, akampokea mgongoni, akateremka naye njia yote ile bila kupumzika, sisi nyuma na kiti kitupu. Kando ya maji akamketisha. Lualaba ilikuwa inapita zake, pana, na majani yakielea yakielekea upande wa Kindu.

Bibi Safi akayaangalia maji muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwambie mkwe wangu," akaanza. Akageuza kichwa upande wa pili.

"Raphaël."

Hakuwahi kulitaja jina hilo. Raphaël akashtuka, karibu akimbie.

"Naam, Mama."

"Kile kitanda bado kiko?"

"Kiko, Mama. Pascaline hajakitandua."

"Basi nipeleke. Nimechoka kulala mbali."